Bili ya hospitali baada ya ajali Nairobi: jinsi ya kulinda jina lako CRB

Mpwa wangu aliondoka Kisauni akaenda Nairobi kuuza vipuri vya magari pale Kirinyaga Road. Alipanga chumba Kangemi. Jioni moja, akivuka Waiyaki Way kurudi nyumbani, matatu ilimzoa. Mguu ulivunjika mara mbili. Wasamaria wema walimpakia kwenye gari la kwanza lililosimama na kumkimbiza hospitali ya karibu, ambayo ilikuwa ya kibinafsi. Alitiwa chuma mguuni, akalala siku kumi na tatu, na siku ya kutoka akapewa bili ya shilingi 386,000.

Sisi wa Mombasa tulifanya tunavyofanya siku zote. Tulifungua kikundi cha WhatsApp, tukachanga, shangazi yake akauza bangili. Pesa hazikutosha. Kijana akaanza kukopa kwa simu kidogo kidogo, hapa elfu nne, pale elfu tisa. Akachukua na mkopo wa sako. Iliyobaki, shilingi 140,000, hospitali ilikubali alipe kila mwezi.

Miezi kumi baadaye alirudi nyumbani akiwa na nia ya kununua tuktuk. Benki ikamwambia jina lake liko CRB. Alikuja kwangu akitoa moshi: "Mjomba, ile hospitali imenichoma." Nami nikamwamini. Tulipoitoa ripoti yake na kuisoma mstari kwa mstari, hospitali haikuwamo kabisa. Waliokuwamo ni wale aliowakopa ili ailipe hospitali.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya mkanganyiko huo. Vijana wetu wengi wako bara wakitafuta riziki, na ajali haina kwao. Yafaa mtu ajue mapema ni deni lipi linamchafulia jina, na lipi linamsumbua tu kwa simu.

Nani hasa anaweza kukupeleka CRB

CRB ni kampuni zinazoweka kumbukumbu za jinsi watu wanavyokopa na kulipa. Kenya zina leseni tatu kutoka Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zinafanya kazi chini ya Kanuni za CRB za mwaka 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2013. Wanaolazimika kupeleka taarifa huko ni mabenki ya kawaida na mabenki madogo ya mikopo. Sako na wengineo huingia wakiwa wamepewa idhini na Benki Kuu. Huwezi kuamka asubuhi na duka lako la nazi ukampeleka mteja wako CRB. Hospitali nayo ni hivyo hivyo: bila idhini ya Benki Kuu, haina njia ya kuandika jina lako huko.

Kwa hiyo ukipigiwa simu na mkusanya madeni akakutisha, "Usipolipa kufikia Ijumaa tunakuweka CRB," muulize kwa upole: wewe ni nani, umepewa kazi hii na nani kwa maandishi, na idhini ya Benki Kuu ya kupeleka taarifa unayo? Wengi hunyamaza hapo. Sisemi deni si deni. Deni la hospitali ni halali na litadaiwa. Ninalosema ni kwamba kitisho hicho kimewafanya watu wengi wakimbilie kukopa kwenye apu usiku wa manane ili kulipa hospitali, na hapo ndipo wanapojitia shimoni kwa mikono yao wenyewe.

Jambo jingine linalofichwa na maneno ya mitaani: CRB si orodha ya watu wabaya. Kila mwenye mkopo wa benki yumo, anayelipa vizuri na asiyelipa. Hata akaunti zinazofuata sharia, zile za Gulf African na wenzao, zimo, kwa sababu hizo pia ni benki zenye leseni ya Benki Kuu. Nimewasikia watu wazima wakisema kuwa kwa vile hakuna riba, basi hakuna CRB. Sivyo. Ukichukua gari kwa murabaha na ukaacha kulipa, utaandikwa kama mwingine yeyote.

Kinachokuumiza ni alama ya kutolipa. Mkopo huhesabiwa kuwa mbovu ukichelewa siku 90. Kabla ya kukuandika vibaya, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30. Tangu mwaka 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 haliruhusiwi kupelekwa huko. Ukishalipa, rekodi haifutiki siku hiyo hiyo: hubaki miaka mitano tangu siku ya kumaliza kulipa, ila sasa inaonyesha kwamba umelipa. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya afisa wa mikopo, ingawa siku zote uamuzi wa kukopesha au kutokopesha ni wa benki yenyewe.

Saa za kwanza: mapokezi na kalamu

Tuanzie mlango wa hospitali. Katiba, Kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza adhabu: kituo chenye uwezo wa kutibu dharura kikikataa, kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Sheria hiyo haikutoka hewani. Oktoba 2015 mtu mmoja aliyegongwa na gari alizungushwa Nairobi ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akafariki. Nchi nzima iliona haya. Kwa hivyo mkiambiwa "lipeni amana kwanza" na mgonjwa anavuja damu, tajeni sheria hiyo kwa jina, na muombe jina la anayekataa.

Lakini dharura ikishatulizwa, karatasi huanza. Ndani ya fomu ya kulaza mgonjwa kuna mstari wa mtu atakayewajibika kulipa. Ndugu aliyefika kwanza, macho mekundu, hutia sahihi bila kusoma. Kuanzia hapo deni ni lake pia. Kama wewe ni binamu tu uliyepigiwa simu ukiwa kazini Westlands, una haki ya kuandika kwamba umemleta mgonjwa na kwamba wewe si mdhamini. Tia sahihi kwa maneno hayo. Msiogope, mgonjwa wa dharura hatatupwa nje kwa sababu hukukubali kubeba deni.

Na hundi, jamani. Hospitali nyingi za kibinafsi humwambia mgonjwa anayetoka na deni aache hundi za tarehe za mbele. Sipendi njia hii hata kidogo. Hundi ikirudi kwa kukosa pesa, benki yako ndiyo inayoipeleka taarifa hiyo CRB, na hapo deni la hospitali ambalo halikuwa na mlango wa kuingilia limepata dirisha. Zaidi ya hayo, kuandika hundi ukijua akaunti haina kitu ni kosa la jinai chini ya Kifungu cha 316A cha sheria ya makosa ya jinai. Afadhali makubaliano ya maandishi ya kulipa kwa M-Pesa kila mwezi kuliko rundo la hundi unazoziombea dua.

Mpwa wangu alimtumia pesa mhudumu mmoja kwa namba yake binafsi, "ili mambo yaende haraka." Shilingi 15,000 hizo hazikuonekana kwenye bili wala kwenye risiti. Lipa kwa paybill ya hospitali tu, ukitumia namba ya mgonjwa. Wanaochanga kutoka Pwani nao watume moja kwa moja huko, kisha wapige picha ujumbe wa M-Pesa na kuuweka kwenye kikundi.

SHA, na tofauti ya mifuko yake

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF haipo. Iliyopo ni SHA, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hupimwa kipato chake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hili la mkupuo ndilo linalowanasa wauza vipuri na wapiga debe. Mtu amejisajili, ana namba, anadhani ana bima, kumbe hajalipa, na mfuko unaolipia kulazwa na upasuaji haumfungukii.

Kuna mfuko mwingine wa dharura na magonjwa mazito, ulioundwa kwa ajili ya huduma ya dharura na kwa wale ambao kiwango chao cha mfuko wa kawaida kimekwisha. Ulizeni juu ya mfuko huo kwa jina lake mkiwa bado kitengo cha dharura, si siku ya kutoka. Kujisajili ni kwa *147#. Kama una mtoto wako Nairobi, mpigie leo umuulize kama amelipa mwaka huu. Siyo kama amejisajili, bali kama amelipa.

Kama ajali ilitokea kazini, mlango ni mwingine. Sheria ya WIBA ya 2007 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, na kusafiri kwenda au kurudi kazini kwa gari ambalo mwajiri amelitoa bure kwa shughuli hiyo kunahesabiwa kuwa ni kazini. Dereva wa lori aliyegongwa Uthiru akitoka kupeleka mzigo asiuze bangili za shangazi kabla ya kumwandikia tajiri wake.

Bima ya gari lililokugonga

Watu husema, "Matatu ina bima, wacha italipa." Ndiyo, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inalazimisha kila gari liwe na bima ya watu wengine, na kampuni ya bima hulipa hadi shilingi milioni tatu kwa jeraha au kifo cha mtu. Lakini sheria hiyo inailazimisha kampuni kulipa hukumu. Hukumu hutoka mahakamani, na mahakama huchukua muda. Bili ya hospitali inataka pesa Jumatatu. Pengo lililo katikati ya Jumatatu hiyo na siku ya hukumu ndilo linaloharibu majina ya watu.

Msifikiri pia kwamba kila bima ni imara. Kampuni ya United ilianguka 2005, Blue Shield ikafuata 2011, zote zikiwa na wadai wengi wa ajali za barabarani waliobaki na hukumu mkononi bila mlipaji.

Hata hivyo dai bima, na dai mapema. Ripoti ajali kwenye kituo cha polisi cha eneo: Kabete, Parklands, Muthangari, Kilimani au Central, kulingana na mahali ulipogongwa. Chukua namba ya OB, kisha abstrakti ya polisi, ambayo huonyesha namba ya gari, mwenye gari na kampuni ya bima. Fomu ya P3 ijazwe na daktari. Mgonjwa akiwa kitandani, ndugu aende. Gari likitoroka bila kuonekana namba, huna wa kumshtaki. Ndiyo maana mtu wa kwanza kufika apige picha namba ya gari na kibandiko cha bima kabla ya kufanya lolote jingine, isipokuwa kuzuia damu.

Kesi ya madhara ya mwili ina ukomo wa miaka mitatu tangu ajali. Kama gari ni la serikali, ni mwaka mmoja tu. Kampuni ya bima nayo lazima ipewe notisi ya kesi mapema, na mawakili wazembe wamepoteza kesi nzuri kwa kusahau karatasi hiyo moja. Muulize wakili wako kama ameipeleka, na umuombe nakala iliyogongwa muhuri.

Mahakama zetu zinasisitiza kwamba gharama za matibabu zithibitishwe kwa risiti. Jaji hatakadiria bei ya chuma cha mguuni. Kila karatasi ya dawa, eksirei, magongo na teksi ya kwenda kliniki iwekwe pamoja. Risiti za mashine hufifia haraka, hasa kwenye joto letu, kwa hiyo zipigwe picha siku ile ile.

Kitu kimoja wachache wanakijua: wakili anaweza kuiandikia hospitali barua ya ahadi kwamba fidia ikitoka, hospitali italipwa kwanza kutoka kwenye pesa hizo. Hospitali hailazimiki kukubali, na wakili halazimiki kuitoa, maana ahadi ya wakili inamfunga yeye mwenyewe. Lakini ikikubaliwa, inanunua muda, na muda ndio mgonjwa anaouhitaji.

Deni lipi ulipe kwanza

Hapa nitasema maoni yangu waziwazi, na mtu wa benki anaweza kunipinga. Kati ya madeni yote yanayomzunguka mtu aliyepata ajali, deni la hospitali ndilo la kungoja. Kwa kawaida halizai faida kila siku. Halina njia rahisi ya kuingia CRB. Mwenye kulidai anaweza kuzungumza. Lakini Fuliza inatoza kila siku, M-Shwari ina siku 30, na apu nyingine hukuita kwa jina la mama yako siku ya 31. Hizo za benki, kama Fuliza na M-Shwari zilizo chini ya NCBA na KCB, zinakwenda CRB bila kuchelewa.

Mpwa wangu alifanya kinyume. Kila mwezi alilipa hospitali kwanza kwa sababu ndiyo iliyompigia simu kwa sauti ya ukali, na mikopo ya simu akaiacha ilale kwa sababu ilituma ujumbe tu. Deni la shilingi 4,200 lililolala kimya ndilo lililomnyima tuktuk.

Kama tayari umekopa na umeona huwezi kulipa, nenda kwa mkopeshaji kabla siku 90 hazijatimia. Beba barua ya kutoka hospitali na abstrakti ya polisi. Omba mkopo upangwe upya. Benki na sako hufanya hivyo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mkopo uliopangwa upya kwao ni bora kuliko mkopo mbovu. Ukikubaliwa, pata maandishi. Neno la mdomo la meneja anayehamishwa tawi mwezi ujao halina faida.

Kwenye sako kuna watu wengine wa kuwaonea huruma: wadhamini. Usipolipa, akiba zao hukatwa. Wengi wa wadhamini wa vijana wetu ni Wapwani wenzao waliokutana Nairobi, wa South C na Pumwani, ambao walitia sahihi kwa ajili ya udugu. Wajulishe mapema. Ni aibu, najua, lakini aibu ya kukatwa bila kuambiwa ni kubwa zaidi, na imevunja urafiki mwingi.

Kuzungumza na hospitali

Omba bili iliyochambuliwa, kitu kimoja kimoja. Usikubali karatasi yenye jumla peke yake. Mara mbili nimeona bili ambazo kitanda kimehesabiwa siku ya kuingia na siku ya kutoka kama siku mbili kamili, na dawa ambazo mgonjwa alinunua nje zimeandikwa tena. Linganisha na kadi ya matibabu. Uliza SHA imelipa nini na kwa tarehe gani.

Kama uko hospitali ya umma, Kenyatta au Mbagathi, kuna maafisa wa ustawi wa jamii wanaoweza kutathmini hali yako na kupendekeza msamaha wa sehemu ya bili au kulipa kwa awamu. Waone kabla ya siku ya kutoka. Wanataka kuona vithibitisho: barua ya chifu, hati ya mshahara, na kadhalika. Kwa mgonjwa asiye na pesa na aliyetulia vya kutosha kuhamishwa, kumtoa hospitali ya kibinafsi na kumpeleka ya umma siku ya pili au ya tatu kunaokoa pesa kuliko mchango wowote wa WhatsApp. Familia huchelewa kufanya hivyo kwa kuona haya, na kila usiku wa haya hiyo una bei yake.

Makubaliano ya awamu yawe kiasi unachoweza kulipa kwa hakika. Ukisema elfu kumi na mbili ukalipa elfu tano, umevunja makubaliano. Ukisema elfu tano ukalipa elfu tano, hakuna wakili atakayekuandikia haraka. Mpwa wangu alikuwa akilipa elfu sita, na hadi leo haijamshtaki mtu.

Je, wakikuzuia usitoke? Septemba 2015 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa. Mahakama ilisema kuwazuia kulikuwa kinyume cha Katiba. Hospitali ina haki ya kudai pesa zake kama mdai mwingine. Haina haki ya kugeuka jela. Na kwa maiti, sisi watu wa Pwani tuna kesi yetu wenyewe ya mwaka 1998, Mahakama Kuu ya Mombasa, dhidi ya Hospitali ya Pandya, ambapo mahakama ilikataa hoja kwamba mwili wa marehemu unaweza kushikwa kama dhamana ya bili. Deni la marehemu hudaiwa kwenye mali aliyoacha. Ndugu asiyetia sahihi ya udhamini haridhi deni kwa sababu ya damu tu.

Hospitali ikiamua kushtaki, kwa kiasi kisichozidi shilingi milioni moja huenda ikatumia Mahakama ya Madai Madogo. Ya Milimani ilianza kazi mwaka 2021. Kesi humalizwa ndani ya siku 60 na unaweza kujitetea bila wakili. Usipuuze barua ya wito. Ukitoonekana, hukumu hutolewa bila wewe, kisha madalali huja kwa samani au mshahara wako. Ukienda na makubaliano ya awamu na risiti za kila mwezi, uko mahali tofauti kabisa.

Simu za vitisho

Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 zinapiga marufuku vitisho, matusi, na kupigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Taarifa za afya yako zina ulinzi wa pekee chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mkusanya madeni hana ruhusa ya kumpigia tajiri wako kumweleza kwamba una chuma mguuni na hujakilipia. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Siyo ofisi ya mapambo: Septemba 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu walio kwenye simu za wakopaji. Hifadhi ujumbe, rekodi tarehe na saa, usijibu kwa matusi.

Kuisoma ripoti yako na kuisahihisha

Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja bure kwa mwaka kutoka kwa kila CRB. Ukinyimwa mkopo kwa sababu ya ripoti, una haki ya kuambiwa hivyo na kupata nakala. Metropol inapatikana kwa simu kupitia *433#, na alama zake ni kati ya 200 na 900. Zote tatu zina tovuti na ofisi Nairobi. Chukua kwa zote tatu, maana mkopeshaji mmoja anaweza kuwa amepeleka kosa huku na asilipeleke kule.

Soma tarehe. Soma jina la mkopeshaji, kwa sababu jina lililoandikwa mara nyingi ni la benki iliyo nyuma ya huduma, si jina unalolijua kwenye simu. Kama kuna deni ulilolipa au usilolijua, wasilisha pingamizi kwa CRB kwa maandishi ukiambatisha risiti. CRB inalazimika kuchunguza na mkopeshaji na kuandika kwamba taarifa hiyo inapingwa. Ikiwa ni makosa, irekebishwe. Mkopeshaji naye mwandikie. Ukizungushwa, malalamiko huenda Benki Kuu, Haile Selassie Avenue. Cheti cha kuonyesha kwamba huna deni CRB hutolewa bure mara ya kwanza, kwa hivyo usimlipe broka wa cyber anayesema ana mtu wake ndani. Hakuna mtu ndani.

Katika ripoti ya mpwa wangu mistari ilikuwa mitatu. Mmoja alikuwa amekwisha kuulipa na mkopeshaji hakusasisha. Ulisahihishwa baada ya barua mbili. Wa pili, zile 4,200, tuliulipa siku hiyo hiyo nikiwa nimekaa naye barazani. Wa tatu ni wa sako, nao ulipangwa upya kwa miezi kumi na minane, wadhamini wakiwa wameketi mezani pamoja naye. Kesi dhidi ya mwenye matatu bado iko Milimani. Risiti zake zimo ndani ya kopo la biskuti kwa shangazi yake Kisauni, na picha zake zote ziko kwenye simu tatu tofauti.